Anayeng'ang'ania kulia na anayempita kushoto

Ukitoka Kimara Mwisho, Dar es Salaam, kuelekea Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, pale barabara inapofunguka na njia kuongezeka, haichukui muda kukutana na gari dogo lililokaa njia ya kulia kabisa, mwendo wa arobaini, mbele yake peupe. Nyuma yake magari yamejipanga. La kwanza linapiga taa. Kimya. Linapiga honi. Kimya vilevile. Kisha dereva wake anakata usukani kushoto, anakanyaga mafuta, anapita upande ambao yule wa kulia hakuutarajia, na kurudi kulia mbele ya pua yake. Wa pili anafuata, wa tatu naye. Muda si mrefu wote wameshapita kushoto, na yule aliyewasababishia bado yuko kulia na arobaini yake.

Uliza madereva wa Dar es Salaam kosa hapo ni la nani, wengi watakujibu bila kusita kuwa ni la huyo wa kulia. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Anayekaa njia ya kupitia huku hampiti mtu anawakosea walio nyuma yake, na ningefurahi kuona anasimamishwa na kuandikiwa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile hoja kwamba kwa kuwa yeye amekosea, basi mimi ninayo haki ya kumpita kushoto. Katika jiji hili njia ya kushoto ina watu, na watu hao hawamo kabisa katika ugomvi wangu na yule wa kulia.

Msingi wa sheria yetu kila aliyekaa darasa la udereva aliusikia mapema: shika kushoto, pita kulia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, imesimama juu ya msingi huo, ambao tuliurithi kwa Waingereza. Nao Waingereza wanalumbana hadi leo kuhusu jambo hilihili kwenye barabara zao kuu za haraka. Kitabu chao cha kanuni za barabarani, kanuni ya 264, kinamtaka dereva akae kushoto iwapo mbele yake ni wazi, na akishampita mtu arudi kushoto. Kanuni ya 268 inamkataza kumpita mtu kwa kushoto au kuhamia kushoto kwa nia hiyo. Imeacha mlango mmoja tu: magari yakiwa mengi na kila njia inakwenda kwa mwendo unaokaribiana, unaweza kuendelea na mwendo wa njia yako hata kama wa kulia kwako wanabaki nyuma, mradi usirukeruke kutoka njia moja kwenda nyingine.

Kinachonivutia zaidi ni kile walichofanya baadaye. Mwaka 2013 askari wao waliruhusiwa kumwandikia palepale faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni dereva anayeng'ang'ania njia ya kati bila sababu. Mwaka 2015 dereva wa gari dogo la mizigo aliyekutwa akifanya hivyo kwenye barabara ya M62, kaskazini mwa Uingereza, alifikishwa mahakamani, na hesabu yote pamoja na gharama za kesi ikafika pauni 940, na pointi 5 juu yake. Serikali ilitambua kwamba kero ina chanzo, na chanzo hicho kinakamatika.

Nchi nyingine zimeamua tofauti. Ujerumani, ambako wanashika kulia, kumpita mtu kwa upande wa ndani, yaani kulia kwao, nje ya miji kunakugharimu euro 100 na pointi 1. Marekani, majimbo mengi yanakuruhusu kupita upande huo ilimradi barabara ina njia mbili au zaidi zinazokwenda uelekeo mmoja. Kwa hiyo anayesema dunia nzima imekataza anakosea, na anayesema ni jambo la hiari ya dereva anakosea pia.

Sasa ziangalie barabara zenyewe ambazo kanuni hizo ziliandikiwa. Kwenye barabara kuu za haraka za Uingereza au Ujerumani hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Hakuna baiskeli, hakuna kituo cha basi, hakuna kivuko cha pundamilia, hakuna pa kugeuzia katikati. Ukimpita mtu kwa ndani kule, hatari iko kati yako na yeye, na pengine wale wanaowafuata. Ndiyo maana wanaweza kukaa na kubishana kama iwe kosa au isiwe. Mjadala wao ni wa chuma na chuma.

Kwetu njia ya kushoto ni mtaa uliowekwa lami. Shika Barabara ya Mandela kuanzia Ubungo kwenda Buguruni, au Barabara ya Kilwa ukielekea Mbagala, au hiyohiyo ya Morogoro ukishapita Mbezi, uhesabu vitu vinavyoishi upande huo. Daladala inasimama abiria akisema "shusha", kituo kipo au hakipo, na konda anaruka kabla gurudumu halijatulia. Bodaboda anakuja uso kwa uso na wewe, kinyume cha uelekeo, kwa sababu pa kugeuzia pako mbali na abiria wake ana haraka. Bajaji imesimama nusu kwenye lami, nusu kwenye vumbi. Guta la maji limeelemewa kwenye mwinuko. Lori limeharibika tangu alfajiri, alama yake ni matawi ya majani yaliyotupwa mita chache nyuma yake. Mtoto wa shule, sare na begi, anangoja upenyo wa kuvuka.

Hawa wote wamejifunza kuishi na njia ya kushoto kwa sababu wanajua kitu kimoja juu yake: huko magari yanakwenda polepole. Bodaboda anaingia kinyume akitegemea hilo. Abiria anashuka upande wa kushoto wa daladala, anazunguka mbele yake au nyuma yake, akitegemea hilo. Wewe unayetoka kulia kwa themanini na kujitupa kushoto umelivunja tegemeo lao bila kuwaambia. Mmoja wao anaweza akawa na makosa yake, kama huyo wa bodaboda kwa kweli anayo. Lakini kosa lake analifanya kila siku mahali palepale na wewe unalijua, nalo la kwako limemfika bila dalili yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo naliona halizungumzwi vya kutosha, nalo linahusu vituo vya mwendokasi, yale mabasi yenye njia zao maalumu. Tangu mabasi hayo yaanze kazi mwaka 2016, abiria wa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni amehama. Zamani alikuwa akisimama pembeni, kushoto kwako. Leo vituo vingi viko katikati ya barabara, na ili afike nyumbani lazima avuke njia zote za magari ya kawaida. Maana yake anatokea kulia kwako. Anayemwona kwanza ni gari la njia ya kulia. Linapunguza mwendo, linasimama, linampa nafasi. Abiria anashukuru kwa mkono, anaongeza hatua, anapita mbele ya gari hilo, na kwa sekunde mbili au tatu mwili wake wote umefichwa na boneti na kioo cha gari lililomstahi. Ukiwa nyuma, ulichokiona ni gari la kulia linalojivuta. Ukiamua kwamba huyo ni mzembe wa kila siku na ukampita kushoto, mtakutana na abiria yule katikati ya njia yako.

Ajali ya namna hiyo haihitaji kivuko cha mwendokasi pekee. Inatokea popote penye njia mbili au zaidi za uelekeo mmoja na mtu wa kuvuka, na kadiri Barabara za Nyerere, Kilwa na Bagamoyo zinavyopata nazo njia za mwendokasi, ndivyo inavyokaribishwa kwenye kona nyingi zaidi za jiji. Gari linalokwenda polepole kulia wakati mwingine ni la mzembe, na wakati mwingine ni la dereva pekee kati yenu aliyeona kilicho mbele. Ukiwa nyuma huna namna ya kuwatofautisha. Kioo chake cha nyuma hakikuonyeshi anachokitazama.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa anapogongwa na gari inakua mara 4.5 mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa kufika 65. Kilomita kumi na tano tu. Nayo ndiyo ile nyongeza ambayo dereva anaitafuta anapokanyaga mafuta kutoka nyuma ya gari la kulia ili "ammalize" haraka.

Tulifanyie hesabu hilo la kummaliza. Semitrela lililopakia lina urefu wa mita 17 hivi. Ukianzia mita chache nyuma yake na kurudi kulia mita chache mbele yake, gari lako limelazimika kulizidi kwa karibu mita 40. Likiwa linakwenda 50 na wewe 70, unaliacha kwa mita 5 na nusu kila sekunde. Itakuchukua sekunde 7 hivi, na ndani ya sekunde hizo utakuwa umekula zaidi ya mita 130 za njia ya kushoto. Tafuta kipande cha mita 130 kati ya Kimara na Kibamba ambacho jioni hakina mtu, bodaboda wala daladala iliyotulia. Kipo, lakini kutoka nyuma ya semitrela huwezi kukiona, kwa sababu semitrela lenyewe limekuzibia.

Na wakati wote huo uko upande ambao dereva wa lori anaona vibaya. Magari yetu yana usukani kulia. Kioo cha kulia kiko karibu na uso wa dereva, cha kushoto kiko mbali, na ubavu wa kushoto wa trela una eneo refu ambalo halionekani kwenye kioo chochote. Hapa ndipo tabia yetu inapojipinga yenyewe. Umempigia taa mara tatu. Umempigia honi. Ujumbe wako kwake ni mmoja: nenda kushoto, nipishe. Sasa amekusikia. Amewasha indiketa, au hakuwasha, na anaanza kurudi kushoto kama ulivyomwomba na kama sheria inavyomtaka. Sekunde hiyohiyo na wewe umechoka kusubiri na umeingia kushoto. Mtu anayegongwa hapo amegongwa kwa kutiiwa.

Kama mwendo ni hasara, hasara yenyewe ni kiasi gani? Kutoka Kimara hadi Kibaha, kipande kilichopanuliwa kina kilomita 19.2. Kwa mwendo wa 50 bila kusimama ni dakika 23. Kwa 80 ni dakika 14 na nusu. Tofauti haifiki dakika 9, na hiyo ni kama mzembe huyo amekuwa mbele yako safari nzima, jambo lisilotokea. Mara nyingi anakuchelewesha kilomita moja au mbili. Kilomita mbili kwa 40 badala ya 60 ni dakika moja. Najua dakika moja inauma ukiwa umetoka Kariakoo na umekaa kwenye foleni ya Ubungo saa nzima. Uchovu huo hauondolewi na hesabu. Lakini tujue tunachobadilishana na nini.

Nirudi kwa yule wa kulia, maana simtetei. Kwa nini yuko pale? Wapo wanaoongea na simu, na hao sina la kuwaambia zaidi ya trafiki kuwaandikia. Wengi lakini wamekwenda kulia kwa sababu wameogopa kushoto. Njia ya kushoto ndiyo inayokanyagwa na malori hadi lami inaingia ndani na kuacha mifereji miwili ya matairi. Maji ya masika yanateremkia huko na kusimama, na chini ya maji hayo huwezi kujua kama kuna shimo. Huko ndiko daladala inakochomekea bila indiketa. Dereva mgeni wa leseni, au mzee anayeendesha taratibu, akichoshwa na hayo anahamia kulia kwenye lami nzima na kutulia. Kwake yeye ni usalama. Wapo pia wanaokaa kulia kwa sababu watageuza mbele, na kwa kuwa pa kugeuzia panaweza kuwa kilomita mbili mbali na hawataki kukosa nafasi ya kuhamia, wanajiwahi. Barabara zetu zimeupa upande wa kulia kazi mbili zinazogombana: kupita kwa haraka, na kupunguza mwendo ili ugeuze. Huko kwenye kanuni ya 264 hakuna anayegeuza katikati ya barabara.

Sababu hizo zinaeleza, hazihalalishi. Aliyeogopa kushoto kwenye barabara ya njia mbili kila upande anaweza kuhamia kulia kukwepa daladala, kisha akarudi. Kwenye kipande chenye njia tatu anayo ya katikati. Anachotakiwa ni kutazama kioo cha nyuma kila baada ya muda mfupi na kujiuliza kama kuna mtu anamngoja. Hilo tu.

Tena sisi tulikuwa tunajua kulifanya vizuri sana. Toka nje ya jiji, pita Mlandizi uelekee Chalinze, ambako barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi. Dereva wa lori lililoelemewa akiona gari dogo nyuma yake anazungumza nalo kwa indiketa: akiwasha kulia anakuambia usitoke, kuna kitu kinakuja, akiwasha kushoto na kujibana pembeni anakuambia pita, kweupe. Ukishapita unagusa honi kidogo kumshukuru. Hakuna aliyemwekea kibao kinachomtaka afanye hivyo. Anafanya kwa sababu kwenye barabara nyembamba anaona wazi kwamba mwendo wake ni jambo linalomhusu mwenzake. Barabara ikipanuka, hisia hiyo inapotea. Kila mtu anadhani amepewa njia yake mwenyewe, na wa nyuma, kama ana haraka, zipo nyingine. Tulijenga njia nane tukasahau kuhamisha mazungumzo ya njia mbili. Mimi naamini kiini cha tatizo zima kiko hapo, kuliko kwenye ukorofi wa mtu mmoja mmoja.

Lipo jibu moja la dereva wa kulia ambalo lazima lipewe heshima yake. Anasema: kibao ni 50, mimi niko 50, anayetaka kunipita anataka kuvunja sheria. Kwenye maeneo ya makazi kikomo chetu ni kilomita 50 kwa saa, na ni kweli kwamba anayelalamika kuchelewa nyuma ya mtu wa 50 hana malalamiko ya kisheria. Akimpita, kushoto au kulia, amezidisha. Nakubali bila kinyongo. Hata hivyo jibu hilo lina mapungufu mawili. Kwanza, wanaolitumia wengi hawako 50, wako 35 au 40, na kasi hiyo wanaiita tahadhari. Pili, hata aliye 50 kamili hajapewa kazi ya kuwazuia wengine. Nyuma yake inaweza kuwa gari la wagonjwa, au gari binafsi lililobeba mama mjamzito kuelekea hospitali ya Mloganzila. Akae mwendo wake wa sheria, lakini akae kushoto au katikati. Wenye kazi ya kuzuia mwendo ni trafiki, na wana tochi zao.

Hizo tochi zinanileta kwa askari wenyewe. Tochi inapima mwendo uliozidi. Haina uwezo wa kupima njia iliyokaliwa bila sababu. Matokeo yake ni kwamba dereva anayekwenda 58 anaandikiwa shilingi 30,000, na aliyekaa kulia kwa 38 akiburuta msururu wa magari anapita mbele ya askari huyohuyo akipungiwa mkono. Sisemi anayezidisha aachwe. Nasema kosa ambalo halijawahi kumgharimu mtu chochote litaendelea kuwa tabia, na anayeona halimgharimu mwenzake ataanza kujichukulia hatua mwenyewe, yaani atampita kushoto. Askari wawili wenye pikipiki kati ya Kimara na Kiluvya, wiki mbili mfululizo, wakisimamisha wanaong'ang'ania kulia na wanaoruka kwenda kushoto kwa pamoja, wangefundisha zaidi ya matangazo ya redio ya mwaka mzima. Na iwe kwa pamoja. Ukimkamata wa kushoto peke yake umemwadhibu aliyekasirishwa na kumwacha aliyemkasirisha.

Wanaojenga na kutunza barabara nao wana lao. Vibao vinavyowaambia malori na mabasi wabaki kushoto ni vichache mno ukilinganisha na urefu wa barabara tulizonazo. Mistari ya njia inafutika na hairudiwi mapema, hivi kwamba usiku wa mvua dereva hajui hata yuko njia ipi. Penye pa kugeuzia pangekuwa na kipande cha njia yake kilichochongwa ndani ya tuta la katikati, kirefu cha kutosha kupokea magari kumi, dereva asingelazimika kujiwahi kilomita mbili kabla. Na mifereji ya matairi ikisawazishwa upande wa kushoto, nusu ya visingizio vya kukaa kulia vinakwisha bila askari.

Foleni ni habari nyingine, na nisieleweke vibaya. Magari yakijaa kuanzia Shekilango hadi Ubungo, kila njia inajivuta kivyake, na ya kushoto inaweza kwenda mbele kidogo wakati ya kulia imesimama. Kuendelea na njia yako hapo hakuna ubaya, ndio ule mlango ambao hata Waingereza wameuacha. Kutanua ni kosa tofauti kabisa. Anayetanua ametoka nje ya lami, ameingia kwenye vumbi la waenda kwa miguu na wauza ndizi, kisha anarudi mbele kuwachomekea waliovumilia. Huyo hajazuiwa na mtu mmoja mzembe; amezuiwa na wingi wetu, na ameamua yeye si sehemu yake.

Basi ukiwa nyuma ya mtu wa arobaini, kulia, mbele yake peupe, ufanye nini? Kaa nyuma yake kwa umbali unaokuruhusu kufunga breki, maana kumsogelea hadi bampa kunamfanya agande kwa woga badala ya kuondoka. Mulika taa mara moja, fupi. Washa indiketa ya kulia uiache ikiwaka. Wengi waliojifunzia udereva kwenye barabara nyembamba wanaielewa ishara hiyo kuliko honi. Mpe muda wa kupata upenyo wa kurudi kushoto, kwa sababu na yeye ana daladala ya kuangalia. Asipoondoka, endelea nyuma yake. Ndiyo, endelea nyuma yake, dakika ile moja iende. Nafahamu ushauri huu hautapendwa, na nafahamu wapo watakaosema Dar huwezi kuishi hivyo. Inawezekana. Wanaoendesha magari ya shule na wanaendesha vizuri wanaishi hivyo kila asubuhi, na watoto wanafika.

Kwa miaka sasa inazungumzwa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na hatimaye Morogoro. Ikijengwa kama inavyokusudiwa, itakuwa karibu zaidi na zile ambazo kanuni za Waingereza ziliandikiwa, na mwendo wake utakuwa mkubwa kuliko tuliouzoea mjini. Watakaoiingia ni madereva walewale wa Kimara na Mbagala, wale wa kulia kwa arobaini na wale wa kushoto kwa themanini, wakiwa na tabia zao mkononi. Kosa ambalo kwa 60 linaishia kwenye kioo cha pembeni kilichovunjika, kwa 110 linakuwa jingine. Kwa hiyo mtihani wa leseni uanze sasa kumwuliza kila mtahiniwa barabarani, akiwa ameshika usukani, swali ambalo kwa magari tunayoyaona leo ni wazi wengi hawakuulizwa: umeshampita huyo, unarudi kushoto lini? Asiyeweza kulijibu kwa vitendo arudi darasani, alipie masomo tena, na leseni isubiri.